Weimar mpaka Meiningen, viola mgongoni

Nilitoka Weimar, Ujerumani, asubuhi na baridi yake, viola mgongoni, begi la nguo mkononi, naenda kwenye usaili wa okestra ya mji mmoja huko Bavaria (siutaji), nikaamua nikate safari nilale Meiningen maana ukisafiri usiku kucha halafu upige konseto (kipande cha mpigaji mmoja mbele ya okestra) asubuhi, mikono haikubali.

Mimi asili yangu fidla ya taarab, Unguja, viola nimehamia ukubwani. Watu wanadhani ni fidla kubwa basi. Kubwa ni kweli, mwili wa fidla ni sentimita 35 na ushee na viola inaanzia kama 38 mpaka 43, lakini shughuli ipo kwenye uzi wa C ule wa chini, mnene, mvivu, usipouwahi na upinde wenzio washafika na sauti yako bado iko njiani. Bega nalo linakoma. Unasoma miaka minne ya digrii, miwili ya masta, ndio unaanza kuomba kazi kwenye tovuti ya muvac, unatuma wasifu na wengi hata hawaitwi. Ujerumani ina okestra kama 130 zinazolipwa na pesa za umma, unasikia nyingi, ila kiti hakifunguki mpaka mzee wa watu astaafu.

Basi, Erfurt nikapanda treni ndogo ya dizeli. Inapita Arnstadt, pale mtunzi Bach alipopata kazi ya kinanda cha kanisa mwaka 1703 ana miaka 18, halafu inaanza kupanda msitu wa Thüringen, misonobari na ukungu tu, mara inaingia handaki la Oberhof, kilomita 3 na kitu, giza totoro, na mimi makaratasi ya usaili yapo magotini vidole vinapiga juu ya mkono wa koti. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa Don Juan, kipande cha okestra cha Richard Strauss, maana usaili bila ukurasa wake wa kwanza ni nadra, ala zote za nyuzi zinaruka kwenda juu kwa pamoja na ukiteleza noti ya pili kila mtu kasikia. Na kitu hicho kilipigwa mara ya kwanza palepale Weimar, Novemba 1889, Strauss mwenyewe anaongoza, kijana wa miaka 25, na miaka minne nyuma alikuwa Meiningen msaidizi wa Hans von Bülow, kiongozi wa okestra ya huko. Yaani njia yake ndiyo hiyohiyo, mimi naipita kinyumenyume.

Meiningen kamji kadogo tu, ila kana mambo. Simfoni ya nne ya mtunzi Brahms ilipigwa mara ya kwanza hapo, Oktoba 1885, na bustanini wamemjengea Brahms mnara tangu 1899. Mimi lakini nilikuwa namuwaza Richard Mühlfeld, aliyeingia okestra ya hapo kama mpiga fidla akahamia klarineti, Brahms alishaaga kutunga, akamsikia huyu bwana, akashika tena kalamu. Sonata mbili za klarineti za 1894 zilitokana na huyo bwana, na Brahms mwenyewe akazigeuza kwa viola, kwa hiyo sisi wa viola, tusio na urithi mkubwa, tunakula jasho la klarineti mpaka leo.

Kesho yake usaili, Bavaria. Unachukua namba, unaingia chumba cha kupashia moto unakuta watu wote wanapiga konseto ileile ya Stamitz, kila mtu na spidi yake, vurugu tupu. Zamu yako ikifika kuna pazia, nyuma yake wamekaa wanaokestra wenyewe ndio wanaopiga kura, wewe na mpiga piano mliyeonana dakika tano zilizopita. Unapiga kipande cha mwanzo, sauti inasema "Danke", yaani asante, umemaliza. Kinachonikera ni hiki, kazi yenyewe ni kukaa katikati ya watu na kusikiliza, sauti yako isitoke nje ya kundi, lakini wanakupima ukiwa peke yako kama bwana harusi! Hata ukishinda kuna mwaka wa majaribio halafu wanapiga kura tena, hapo ndio wanajua kama unakalika.

Nikavuka raundi ya kwanza. Ya pili pazia likatolewa, nikapiga konseto ya Bartók, halafu Don Juan, halafu mwanzo wa simfoni ya 10 ya Mahler ambapo viola zinaimba zenyewe bila msaada wa mtu, hiyo nilipiga vizuri sana kusema kweli. Wakasoma namba koridoni, yangu haimo. Na hawakuchukua mtu yeyote siku hiyo, jambo la kawaida sana huku.

Jioni nikampigia mama.

"Sasa mwanangu, watu wenyewe wako nyuma ya pazia, wamejuaje kama ni wewe?"

"Ndio maana ya pazia mama, wasijue."

"Haya. Na nauli watakurudishia?"

Barua ya mwaliko iliandika wazi kwamba nauli juu yako.