Nilivyopata Windows 11 kwenye kompyuta ya zamani bila kununua leseni

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipofikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, kila niliyemwomba ushauri aliniambia ama ninunue kompyuta mpya, ama nilipie leseni ya Windows 11 Pro, eti ndiyo inayokubali mashine za zamani. Ushauri huo bado unanikera, kwa sababu Pro haipunguzi sharti hata moja. Pro na Home, toleo la kawaida la nyumbani, zote hudai prosesa zilezile, RAM isiyopungua GB 4 na TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta); nyongeza ya bei hulipia mambo kama BitLocker kamili (kufunga diski kwa usimbaji), ambayo siyahitaji. Tena mwenye Windows 10 Home halali hupandishwa hadi Windows 11 Home bila malipo.

Prosesa yangu ni i5-8250U. Tarakimu 8 baada ya kistari huonyesha kizazi, na kwa Intel orodha inayokubalika huanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za nyuma yake. Hata hivyo, programu ya ukaguzi ilisisitiza kwamba mashine haifai. Kumbe TPM ilikuwamo, ila ilikuwa imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), ambako Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Nikaiwasha.

Kikwazo kikubwa kilikuwa diski. Amri ya msinfo32, inayoonyesha taarifa za mashine, ilionyesha kwamba BIOS inatumia Legacy, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, ilhali Windows 11 hutaka UEFI, njia mpya; fundi mmoja akaniagiza nibadili tu iwe UEFI. Nilipofanya hivyo Windows haikuonekana kabisa, naye akadai kwamba sasa lazima diski ifutwe yote. Nilikataa. Nilirudisha Legacy, Windows ikawaka, nikanakili faili zangu zote kwenye diski ya nje, kisha nikafungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika mbr2gpt /validate /allowFullOS, ambayo hukagua kama diski inaweza kubadilishwa kutoka mpangilio wa zamani wa MBR hadi GPT, unaotakiwa na UEFI. Ilikataa, kwa kuwa diski ilikuwa imegawanywa sehemu 4 za msingi ilhali amri hiyo hutaka zisizidi 3. Nikafuta sehemu moja niliyokuwa nikihifadhia picha, ambazo tayari nilikuwa nimezinakili, na safari hii ikakubali. Nikaandika /convert mahali pa /validate, na baada ya muda mfupi diski ikawa GPT bila faili hata moja kupotea. Hapo ndipo nilipowasha UEFI na Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka), na ukaguzi ukapita.

Sehemu ya fedha nilizotengea leseni ilinunua RAM, kutoka GB 4 hadi GB 8, na nyingine nikabaki nazo.