Kazi ya kusoma kodi za programu ambazo hazijaisha

Nikisema natengeneza vifaa vya lugha za programu, hapa Dodoma wengi wanajua nauza kompyuta, na hata washkaji wanaojenga mifumo ya serikali huwa wananiuliza sasa mteja wako nani? Mteja wangu ni wewe developa, mwandishi wa programu. Ukiandika jina la kitu kwenye edita, ile programu ya kuandikia kodi, alafu ukabonyeza nukta ikashuka ile orodha ya kuchagua, kuna mtu kakaa akaandika programu ya kuileta.

Nilianza kama wengine tu, nimemaliza UDOM nikaingia kwenye mifumo, fomu na ripoti, ripoti na fomu. Ofisini tulikuwa na kilugha cha kuandikia ripoti, ukikosea popote kinakwambia kosa lipo mstari wa 1, basi jioni nikawa nakichokonoa mpaka kikaanza kutaja mstari wenyewe, na wenzangu wakakipenda kuliko mfumo niliokuwa nalipwa kuujenga. Hapo ndo nikanogewa.

Kilichofungua mlango ni mwaka 2016, kampuni za Microsoft, Red Hat na Codenvy walipotangaza Language Server Protocol, yaani utaratibu mmoja wa edita kuongea na programu inayoijua lugha. Zamani kila edita ilitaka plagini (kiongezeo) yake kwa kila lugha, yaani edita 10 na lugha 20 ni plagini 200, nani ana muda huo? Siku hizi unaandika seva moja ya lugha, yaani hiyo programu inayoijua lugha, inaongea na edita kama VS Code, Vim au Emacs kwa meseji za JSON (maandishi yenye mpangilio maalumu), imeisha.

Sasa ugumu uko wapi. Kompaila, ile programu inayogeuza kodi iwe kitu mashine inaweza kuendesha, ni kama karani wa dirishani, fomu imekosa kisanduku kimoja anakurudishia, nenda kajaze. Sisi hatuna hiyo ruhusa. Mtu anapoandika, kodi yake muda mwingi imevunjika, mabano hayajafungwa, funksheni (kipande cha programu chenye jina) ina jina tu haina mwili, na ni hapo hapo anataka msaada, tena ndani ya sekunde 0.1 hivi la sivyo anaona edita nzito. Kwa hiyo unaandika kisomaji kinachokubali kubahatisha: hapa nadhani bano lilitakiwa, nalichukulia lipo, tuendelee. Kubahatisha vizuri ndo kazi yenyewe, hayo mengine ni mbwembwe.

Kuna bagi (hitilafu) moja naipenda. Mtu analalamika mstari mwekundu unapiga chini ya neno ambalo halina kosa, unaangalia kodi iko safi, kumbe kaweka 😂 kwenye stringi (maandishi yaliyomo ndani ya kodi) kabla ya hapo. Protokoli ile inahesabu nafasi kwa UTF-16, hiyo emoji ni nafasi 2, seva inayohesabu baiti za UTF-8, namna nyingine ya kuhifadhi herufi, inaona 4, kila kitu kinachofuata kinasogea. Toleo la 3.17 la mwaka 2022 liliruhusu edita na seva kukubaliana namna nyingine ya kuhesabu, ila seva za zamani bado zipo kibao.

Tangazo la kazi hii hapa mjini sijawahi kuliona, mimi nawafanyia watu wa nje nikiwa Area C, umeme ukikatika nahamia kwenye bando la simu. Madogo wa CIVE, chuo cha mambo ya kompyuta pale UDOM, wakiniuliza waanzie wapi nawaambia chukua seva ya lugha unayoitumia kila siku, ziko wazi mtandaoni, tafuta ujumbe wa kosa unaokukera kuliko yote, uandike upya ueleweke, alafu uwatumie wenye mradi. Wakikataa watakwambia sababu, na hiyo sababu chuoni hufundishwi.