Ndoo Ikiwa Kichwani

Jana usiku kitindamimba wangu alikuwa na kazi ya nyumbani ya Kiswahili, alama za uakifishaji. Akaweka penseli chini. "Mama, kituo cha kwenye sentensi na kituo cha daladala ni kitu kimoja?" Nikamwambia ndiyo, vyote vimezaliwa na kutua. Mzigo hutua, ndege hutua, jua hutua, na pale pa kutulia ndipo kituo. "Na mkato je? Kitabu kinasema ni kipumuo."

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nimeshafika Pangani, chumbani kwa bibi.

Nilikuwa na miaka 11. Bibi alikuwa wiki ya tatu hajatoka kitandani, na kila baada ya alasiri nilitumwa nikamsomee Yasini. Aya zake 83 nilizikimbiza, maana wenzangu walikuwa nje wananingoja. Siku hiyo nikafika aya ya 52, pale wafu wanapofufuka na kuulizana ni nani aliyewaamsha kutoka malaloni mwao. *Min marqadina*, nikaunganisha na *hadha* bila kukata.

"Sita hapo, mke mwenzangu."

Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Yasini alikuwa nayo kifuani kwa kuisikia tu. Nikatazama msahafu: kweli, juu ya mstari pana sini ndogo. Chuoni tulishafundishwa kwamba hiyo ni sakta, alama ya kusita kidogo. *Hadha*, "haya", ndilo neno linaloanza jibu, kwamba haya ndiyo aliyoyaahidi Mwingi wa Rehema. Ukiunganisha, jibu linamezwa na swali, na "haya" yanageuka kuwa "malalo haya".

Nikarudia. Safari hii nikasimama, nikavuta pumzi, nikameza mate, nikaendelea.

"Siyo. Hapo umetua."

"Si umesema nisimame, bibi?"

"Nimekwambia usite. Sikukwambia utue."

Akautoa mkono ndani ya kanga, polepole, akauweka juu ya kichwa pale pale kwenye mto, vidole vimekunjika kama vimeshika ukingo wa kitu. Bangili yake ya fedha ikateremka mpaka kwenye kiwiko, mkono ulivyokuwa umekonda. "Umetoka kisimani na ndoo yako," akasema. "Njiani unakutana na somo yako. Utampita bila salamu? Unasimama. Lakini ndoo huiteremshi, maana ukiitua nani atakutwika tena? Shingo imenyooka, maji yametulia. Mnajuliana hali, unakwenda zako. Huko ndiko kusita."

Nikasoma mara ya tatu. *Min marqadina*. Nikaikata sauti, pumzi nikaibana. Mle ndani palikuwa kimya hata nikausikia ufagio wa jirani uani kwake, na pumzi ya bibi inayokwaruza. *Hadha.*

"Ehee," akasema, na mkono bado uko kichwani.

Siku tisa baadaye nilikuja kuitwa shuleni, wakati wa mapumziko ya saa nne, uji wangu bado wa moto. Ya mazishi siyakumbuki vizuri. Nakumbuka hitima, wanawake tumejaa barazani, Yasini inasomwa kwa sauti moja. Tulipofika aya ya 52 wote wakasita, wakaendelea. Mimi nikabaki pale pale, shingo imenyooka, mpaka shangazi akaniinamia sikioni: "Hadha, mwanangu. Hadha."

Aya yenyewe inawataja watu wanaoliita kaburi mahali pa kulala. Nimeirudia mara nyingi tangu wakati ule. Siku nyingine naona bibi alikuwa akiniambia habari zake mwenyewe, kwamba yeye hatui, anasita. Siku nyingine naona alikuwa akinisahihisha kisomo, basi. Mwenye jibu hayupo.

"Mkato ni ndoo ikiwa kichwani," nikamwambia mwanangu. Akanitazama. Yeye maji kayakuta bombani, hajatwikwa hata siku moja.

Nikainuka. Nikazungusha kanga ikawa ngata, nikajaza sufuria ndogo nusu, nikamtwika. Akaanza kwenda kutoka jikoni kuelekea mlangoni, mikono yote miwili juu, macho mbele.

"Sita," nikamwambia.

Akasimama. Maji yakachezacheza ndani ya sufuria, yakatulia.