Hilux kukosa nguvu baada ya kubadili filta ya hewa: haikuhitaji kutyuni

Wenye Hilux za dizeli zenye injini ya 1KD someni hii, maana watu wanaliwa hela bure. Nilifunga filta ya hewa ya kitambaa, ile ya kuosha na kupaka oili, haikupita muda gari ikakosa nguvu, mlima Kitonga inapanda kwa kujivuta na taa ya chek injini inawaka. Fundi akasema filta inapitisha hewa nyingi, lazima kompyuta ya gari ipangwe upya, ndo kutyuni. Nikakataa, kwa sababu injini hizi zina sensa ya MAF, yaani kijiwaya chenye moto ambacho hewa ikipita inakipoza, kompyuta inajua imeingia hewa kiasi gani na inapanga dizeli yenyewe.

Kupima kwa mashine ikatoka kodi ya hitilafu P0101, yaani usomaji wa sensa ya MAF hauko sawa. Nikachomoa sensa, kijiwaya kimepakaa oili ya ile filta na vumbi limeganda juu yake. Hapo inasoma hewa kidogo kuliko iliyopo, kompyuta inabana dizeli, ndo nguvu inapotea!

Nikapuliza spreyi ya kusafishia MAF (siyo kabureta klina, na usikiguse kwa kidole wala kitambaa, kinakatika), nikaacha ikauke kabisa, nikafunga filta ya karatasi nikafuta ile kodi ya hitilafu kwenye kompyuta. Gari inavuta vizuri tu.

Kutyuni kunahitajika ukibadili turbo, au bomba linalokaa sensa likiwa na kipenyo tofauti, maana hapo hesabu ya hewa inaharibika kweli. Filta peke yake hapana.