Siku moja maishani mwangu: viroboti, fomu za idhini na baba mmoja wa maswali

Nikimwambia mtu nafanya utafiti wa kompyuta swali la kwanza ni kama naweza kumfungulia simu iliyojifunga. La pili ni kama nimewahi kuhack benki. Siwezi na sijawahi. Mimi ni msaidizi wa utafiti kwenye maabara moja ya chuo hapa Nairobi, tunaunda viroboti vidogo vya kufundishia watoto wa primary, pamoja na programu ya tableti inayomchagulia mtoto zoezi linalofuata, na sehemu yangu mimi haswa ni kuhakikisha kwamba zile habari tunazokusanya hazitakuja kumrudia mtoto kesho. Kwa hivyo ukikutana na mimi barabarani nimebeba karatasi. Nyingi.

Saa 11 alfajiri

Kabla ya mswaki nashika simu niangalie kama mashine ya maabara imekesha ikifanya kazi ama imezimika. Jana jioni tuliiacha ikijifunza kutoka kwa data ya muhula uliopita, na stima ya Nairobi unaijua. Kumbe ilipotea na ikarudi, lakini programu inajihifadhi kila baada ya muda kwa hivyo imeendelea palepale ilipoachia. Poa. Chai, mkate, nje.

Saa 12 na nusu

Steji ya Zimmerman na katoni ya viroboti mkononi. Konda ananiangalia, anaangalia katoni, anasema, "Madam, hiyo inalipa kama mtu." Naipakata. Nashuka Allsopps nabadilisha gari, naingia Outering mpaka pande za Kayole, na njia nzima katoni iko mapajani kwa sababu zile mota za njano za plastiki tunazotumia ni za bei rahisi na gia za ndani zinanyonyoka ukizitingisha vibaya. Watu wakisikia roboti wanafikiria ile mikono mikubwa ya viwanda vya magari. Yangu ina magurudumu mawili, betri, na vijicho viwili kwa chini, unaweza kuiweka kwa sahani ya chai.

Saa 2

Darasani. Tunatandika manila nyeupe sakafuni, watoto wanabandika tepu nyeusi ile ya fundi wa stima, wanachora njia wanayotaka, halafu kiroboti kinaifuata. Vile vijicho vinapiga mwanga usioonekana kwa macho, karatasi nyeupe inaurudisha, tepu nyeusi inaumeza, basi kiroboti kinajua kiko juu ya njia ama kimetoka. Kwa maabara kinatembea kama kiko kwa reli. Lakini hii ni class ya mabati yenye mlango mpana unaotazama mashariki, na jua la asubuhi limebeba mwanga uleule kibao, kwa hivyo kiroboti kikifika karibu na mlango kinapofuka, kinaanza kuzunguka mahali pamoja kama mtu amesahau simu kwa nyumba. Watoto wanakufa na kicheko.

Dawa yake haiko kwa kompyuta. Unachukua bahasha ya kaki, unakata kipande, unakizungusha pale chini ili kivulie vijicho. Msichana mmoja wa mbele akasema, "Kobe amevaa sketi," na kuanzia hapo hicho kitu jina lake ni Kobe, kwa vile pia ni polepole. Hawakujua, na sikuwaambia, kwamba Seymour Papert na wenzake kule Marekani walitoa lugha ya Logo mwaka 1967 ya kufundishia watoto kompyuta, na kiroboti chao cha kutembea sakafuni nacho kiliitwa kobe. Nilifurahi pekee yangu huko nyuma.

Saa 4 mpaka… eish

Mkutano wa wazazi. Niliupangia dakika 40.

Niwaeleze kwanza, hii kazi haifanyiki bila idhini. Kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, kuna kamati ya maadili ya chuo, halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinasema huwezi kushughulika na habari binafsi za mtoto bila mzazi ama mlezi kukubali, na hata akikubali lazima iwe kwa njia inayolinda haki na maslahi ya huyo mtoto. Kwa hivyo nasimama mbele ya wazazi, naeleza kwa Kiswahili cha kawaida, nagawa fomu. Wengi wanasikiza, wanauliza swali moja mawili, wanasaini, wanarudi kwa biashara zao.

Leo kulikuwa na baba mmoja wa jaketi la bodaboda, helmeti kwa goti. Alinyoosha mkono kabla sijamaliza kusema jina langu.

"Hiyo kitu iko na kamera?"

Haina. Hakuniamini, na sawa tu, kwa hivyo nikatoa bisibisi nikafungua kiroboti pale kwa meza ya mwalimu mkuu, nikamwonyesha mota, betri, vijicho. Akakigeuza, akakinusa karibu, akakirudisha. "Sawa. Na tableti?" Tableti iko na kamera lakini programu yetu haijapewa ruhusa ya kuitumia. Nikamwonyesha kwa mipangilio. Akataka kuona tableti ya pili. Nikamwonyesha ya pili. Mwalimu mkuu akakohoa.

"Mnauza kwa nani?" Hatuuzi. "Kila mtu anasema hauzi. Mimi nikipeleka mzigo kwa jengo pale town naandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu kwa kitabu cha getini, jioni napata meseji ya kamari. Nani aliuza?" Wazazi wote wakaguna, maana ni nani hajapata hiyo meseji, na sasa mkutano si wangu tena, ni wake, mama mmoja naye anaeleza vile alipigiwa simu na mtu aliyejua jina lake lote, mwingine anauliza kama ni kweli ukitoa namba ya M-Pesa kwa duka wanaweza kukukopea, na mimi nimesimama na fomu zangu natabasamu ile tabasamu ya kuuma taya. Jua limepanda, mabati yanapiga kelele, sijanywa maji tangu asubuhi.

Nikavuta mkutano ukarudi. Nikaeleza kwamba jina la mtoto halitoki shuleni, sisi tunabeba namba tu, ile orodha ya kuunganisha namba na jina inafungiwa kando. Akatulia kidogo. Nikadhani nimepona.

"Msichana wangu, hapo nimekuskia. Sasa niambie. Class five kuna msichana mmoja tu wa miaka 14, alichelewa kuanza shule, tunamjua sisi wote hapa. Ukitoa jina ukaacha miaka na class na kwamba ni msichana, si umemwandika jina?"

Walai. Kuna watu wanalipiwa karo ya digrii ya pili wakafunzwe hilo swali. Mtafiti wa kompyuta Latanya Sweeney alilifanyia hesabu mwaka 2000 kwa Wamarekani, akakadiria kwamba asilimia 87 yao wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu pekee: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na ile namba ya posta ya mtaa. Bila jina. Na huyu mzee ameifikia akiwa kwa dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu.

Nikamwambia ukweli, kwamba tunaweka umri kwa mafungu, na kama fungu lina watoto wachache mno tunalipanua ama tunaiondoa hiyo safu kabisa, yaani hakuna mtoto anayebaki pekee yake kwa jedwali. Akauliza wachache ni wangapi. Nikasema chini ya watano. Akauliza nani aliamua watano. Hapo nikaomba maji.

Kitu kimoja kilinifurahisha: aliuliza kama akikataa mtoto wake atawekwa nje wenzake wakicheza na Kobe. Hapana. Anacheza, anajifunza, ila tableti yake haituletei chochote. Hiyo ilitulia kwa wengi, na walipoisikia wakaanza kusaini mmoja mmoja, foleni ikasonga. Na yeye? Akakunja fomu mara nne akaiweka kwa jaketi. "Nitaongea na mama yake." Baada ya hayo yote! Akawasha pikipiki akaenda.

Ilikuwa inaelekea saa 7.

Mchana

Chapo madondo ya kibanda nimesimama. Matatu. Luthuli kununua mota mbili za njano, kubishana bei, kushindwa.

Maabara, kama saa 9 hivi

Hapa ndipo watu wanafikiria kazi inaanza, na kusema kweli mchana wote ni kuangalia mistari ya nani alibonyeza nini. Acha niwape mmoja. Programu yetu inamchagulia mtoto zoezi kwa kuangalia watoto wanaofanana naye wamefaidika na nini, ni mbinu ileile ya zile programu za video zinazokuletea klipu nyingine ukimaliza moja. Mtoto mpya ni shida kwa sababu haina historia yake, lakini hiyo inazoeleka. Kilichotusumbua ni mtoto mmoja aliyerudia swali la kujumlisha ndizi tena na tena na tena, siku nzima, na mashine ikajisemea huyu anapenda kujumlisha, mletee zingine. Mwalimu wake ndiye alitufungua macho. Ukipata jibu la ndizi tableti inapiga ngoma. Mtoto anapenda ngoma. Hesabu yenyewe alishaimaliza kitambo.

Basi ndio nasema kuchukua mbinu ya video ukaileta darasani bila kufikiria ni hatari. Ile ya video ikikuweka kwa kiti imefaulu. Yetu ikimweka mtoto kwa kiti anapiga ngoma, imefeli, hata kama chati inapanda.

Halafu simu ya video na washirika wetu wa ng'ambo, na hapo nguvu zangu zilikuwa zimeisha lakini wao kwao ni asubuhi, wamekunywa kahawa. Wanataka tuwatumie tarehe kamili za kuzaliwa. Modeli, yaani ile hesabu inayomchagulia mtoto zoezi, itakuwa sahihi zaidi, wanasema, na majina si yametolewa? Dokta wetu akaniangalia, maana anajua hii ni yangu. Nikawakumbusha Netflix. Mwaka 2006 walitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha mfumo wao wa kupendekeza filamu kwa asilimia 10, wakamwaga hadharani alama zaidi ya milioni 100 ambazo wateja kama 480,000 walizipa filamu, majina yametolewa safi. Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa University of Texas kule Austin wakazilinganisha na maoni ambayo watu wameandika wenyewe kwa majina yao pale IMDb, tovuti ya habari za filamu, wakaonyesha kwamba baadhi ya wale wateja wanatambulika, na mwaka 2010 mashindano ya pili yakafutwa. Hizo ni filamu tu. Sisi tunaongea kuhusu mtoto ambaye hajui kugawanya, na kijiji kizima… sawa, mtaa mzima, unamjua.

Wakasema wameelewa. Kisha wakauliza kama basi wanaweza kupata mwezi na mwaka.

Nikawaeleza kuhusu msichana wa miaka 14. Kimya. Mmoja akauliza hiyo nimeitoa kwa utafiti gani nikamwambia mzazi, leo asubuhi. Tumekubaliana mafungu ya umri, kwa sasa, mpaka wiki ijayo watakapouliza tena kwa barua pepe ndefu.

Usiku

Giza limeingia, Thika Road imesimama, niko kwa kiti cha nyuma katoni kwa mapaja, mguu mmoja umekufa ganzi. Sijui ni saa ngapi. Nilifika, nikapasha ugali wa jana, jirani akabisha hodi kuuliza kama naweza kuona meseji za bwanake nikiwa hapa kwangu. Mama Nanii, siwezi, na hata ningeweza. Akaniona nimesoma bure.

Saa 4 kasoro simu ikaita meseji. Namba siijui. Kwenye fomu ya idhini lazima tuandike namba ya mtafiti, mzazi akiwa na swali, na kwa muda wote nimefanya hii kazi hakuna mzazi aliyewahi kuitumia.

"Mimi ule baba wa leo asbh. Tumesoma na mama. Ukurasa wa 3 mmesema utafiti ukiisha data itafutwa. Nani atakuja kutuambia imefutwa?"

Nikakaa kitandani. Nikafungua fomu nikasoma ukurasa wa 3 mara mbili. Inasema itafutwa, inasema baada ya muda gani, inasema na nani. Ya kumwambia mzazi haipo. Kamati ya maadili iliipitisha hivyo, wanasheria wa chuo wakaipitisha hivyo.

Nikamjibu, "Habari ya jioni mzee. Swali zuri, nipe mpaka kesho." Kisha nikaikopi meseji yake, nikatoa namba, nikaituma kwa grupu ya kazi. Hadi naandika hapa wote wameisoma, tiki mbili za buluu, na Dokta alikuwa anaandika kitu akaacha.