Futura: fonti iliyoikaidi bikari

Wengi wanaoitazama Futura kwa mara ya kwanza huamini kwamba imechorwa kwa bikari na rula tupu: O ni duara, A ni pembetatu, t ni msalaba, na j ni mstari ulionyooka wenye nukta juu, usiopinda hata kidogo chini. Ndiyo maana fonti iliyotolewa mwaka 1927 na kiwanda cha Bauer, kilichotengeneza herufi za kuchapia za madini ya risasi, mjini Frankfurt, bado huteuliwa na mtu anayetaka bango lake lionekane la kesho. Mimi naitumia kazini mara kwa mara, na kila ninapoikuza kwenye skrini nazidi kuamini kwamba uzuri wake umo pale ambapo msanifu wake alikataa kuitii bikari.

Paul Renner, Mjerumani aliyeichora, alikuwa mchoraji na msanifu wa vitabu, na kazi hii aliianza mwaka 1924. Michoro ya awali ilifuata jiometri bila huruma: r ilikuwa mstari wima wenye kitone pembeni, na n ilikuwa na mabega ya mraba. Maumbo mengi ya namna hiyo yaliachwa njiani, na ilikuwa heri, kwa kuwa jicho halipimi kama rula. Ukichora msalaba kwa mistari yenye unene uleule, mstari wa mlalo huonekana mnene kuliko wa wima. Kwa hiyo katika Futura mistari ya mlalo imepunguzwa unene kidogo. Herufi za duara nazo huteremka kidogo chini ya mstari ambao herufi nyingine husimama juu yake, maana zikiishia hapohapo zitaonekana ndogo. Ikuze b hadi ijaze skrini, kisha itazame pale duara linapokutana na mguu: mstari unakonda taratibu kabla ya kugusa, ili kona ile isigeuke doa jeusi.

Herufi kubwa ndizo zinazonivutia zaidi. Vipimo vyake havikutoka kiwandani bali kwenye maandishi ambayo Warumi wa kale waliyachonga katika mawe: E, F, L na S ni nyembamba, karibu nusu ya mraba, ilhali O, C na G zimetanuka. Fonti inayosifiwa kwa usasa wake imesimama, basi, juu ya mifupa ya karne nyingi, na nadhani hilo ndilo lililoiwezesha kudumu wakati fonti nyingine za miaka ileile, zilizotegemea mitindo ya siku zile peke yake, zimezeeka vibaya. Renner mwenyewe hakuachwa kwa amani: mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimkamata, naye akapoteza nafasi yake ya kuongoza chuo cha uchapaji mjini Munich.

Fonti yenyewe ilisafiri. Matangazo mashuhuri ya Volkswagen nchini Marekani, kuanzia mwaka 1959, yaliandikwa kwa Futura, na mwaka 1969 bamba la chuma cha pua lililoachwa mwezini na Apollo 11 lilichongwa kwa herufi zake kubwa. Kampuni ya samani ya IKEA ilipoiacha na kuhamia fonti ya Verdana, mwaka 2009, wasanifu wengi walilalamika hadharani, jambo lisilo la kawaida kwa fonti ya katalogi ya samani.

Kwa maandishi marefu ya Kiswahili, hata hivyo, siipendekezi. Lugha yetu imejaa a, na a ya Futura ni duara lenye kijiti kifupi upande wa kulia, ambayo kwa ukubwa mdogo hutofautiana na o kwa shida. Andika "dada": utapata maduara manne na vijiti vinne, na kitu pekee kinachotenganisha d na a ni urefu wa kijiti. Andika "Ilala": I kubwa na l ndogo zote ni fimbo tupu, ila l imeizidi I kimo kidogo, kwa sababu Renner alizirefusha herufi ndogo zenye shingo zikaipita herufi kubwa. Katika kichwa cha habari mfululizo huo hupendeza kama shanga. Katika aya ya mistari ishirini huchosha macho, na msomaji huanza kurudia mistari bila kujua sababu.

Kwa hiyo naiweka kwenye majalada, nembo, mabango na kadi za harusi, hasa kwa herufi kubwa zilizoachanishwa kidogo, kwani zikibanana O huonekana kumeza jirani zake. Matini ya ndani nayaachia fonti nyingine ambayo a yake ina paa juu ya tumbo. Asiye na leseni ya Futura anaweza kupakua Jost, fonti ya bure iliyochorwa kwa kuifuata. Century Gothic, inayopatikana kwenye kompyuta nyingi za steshenari, ni ya ukoo huohuo, lakini imetanuka mno: majina ya wazazi wa pande zote mbili yakiandikwa kwa fonti hiyo, hayatoshi kwenye mstari mmoja wa kadi.