Kuwinda Pweza kwa Kitoweo: Mwamba Mmoja, Sheria Nyingi

Anayetaka nyama ya mawindo Malindi hana la kutafuta msituni. Uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikumwachia nafasi hata anayewinda paa mmoja kwa sufuria yake: ilivyopitishwa, adhabu ilianzia faini ya shilingi 30,000 au kifungo cha miezi 6, na kwa mwenye kuuza nyama hiyo shilingi 200,000 au mwaka mzima. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania utakuta bucha za nyamapori zenye leseni. Marekani kila jimbo lina msimu wake wa kulungu na leseni yake. Sisi watu wa pwani mawindo yetu yako baharini, na yanayofanana zaidi na mawindo ya nchi kavu ni pweza: unamwendea kwa miguu, unasoma dalili zake, unamtoa nyumbani kwake. Na sheria zake nazo hubadilika ukitembea kilomita chache tu.

Kitoweo hiki nimekipata bamvua baada ya bamvua, siku zile za maji makubwa yanayotoka sana na kujaa sana, bila kugombana na askari wala wenye mwamba, kwa sababu swali langu la kwanza huwa mwamba ni wa nani, ndipo nauliza maji yanatoka saa ngapi.

Kusini mwa mji wa Malindi kuna mbuga ya bahari, iliyotengwa 1968 pamoja na ile ya Watamu. Humo hakitolewi kitu: si pweza, si kamba, si hata kombe tupu. Ni eneo dogo, kilomita za mraba 6 na kidogo, na mpaka wake huonyeshwa kwa maboya. Boya likikatika kamba wakati wa kusi, mpaka haujahama, kwa hiyo nina alama mbili za nchi kavu ninazozioanisha, na nilizithibitisha kwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kuzitegemea. Nje ya mbuga kuna hifadhi inayoshuka hadi upande wa Watamu, na Mayungu imo humo. Hapo kuvua kunaruhusiwa kwa zana za jadi: mshipi, lema (mtego wa kusuka), mkonjo wa pweza (fimbo yenye ncha). Bunduki ya samaki imekatazwa Kenya nzima tangu 2001, na juya la kukokota ufuoni vilevile. Utupa na sumu nyingine yoyote ya kumwaga tundu ni kosa kila mahali, na ni unyama, maana huua na vilivyomo mwambani ambavyo hukuvitaka.

Leseni hupatikana kwa afisa wa samaki. Lakini karatasi haitoshi. Kila bandari ya wavuvi ina kamati yake, BMU, na hiyo ndiyo inayojua kipande gani kimefungwa mwezi huu. Nikifika bandari nisiyoizoea huenda moja kwa moja kwa mzee wa kamati: “Shikamoo mzee. Mwamba wa huku mwaufunga? Na mgeni mwamruhusu?” Dakika kumi za mazungumzo hukuepusha kunyang'anywa mkonjo na kitoweo.

Ukishuka hadi Kuruwitu utakuta tengefu, eneo ambalo wenyeji wenyewe wamelifunga lisivuliwe. Ukipanda Lamu, Kiunga ni hifadhi ya bahari tangu 1979, na Pate jamii hufunga miamba ya pweza kwa muda, kisha wakaifungua kwa siku maalum na wote wakaingia pamoja. Pemba, Kisiwa Panza, wanafanya hivyohivyo kwa miezi 3. Tanzania bara pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi. Madagaska, kijiji cha Andavadoaka kilianza kufunga mwamba 2004. Mwaka uliofuata serikali ikaweka kiwango cha gramu 350 na kufunga uvuvi wa pweza kusini magharibi kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari. Kisiwa cha Rodrigues, cha Mauritius, nacho hufunga tangu 2012. Pweza ni yuleyule, sheria nyingi. Anayebeba mazoea ya kwao kwenda kwa watu huumbuka.

Kwa nini wote hawa wanafunga na kufungua badala ya kukataza moja kwa moja? Ni kwa sababu ya maisha ya pweza mwenyewe. Haishi sana, mwaka mmoja au mwaka na nusu, lakini hukua upesi mno. Ukiupumzisha mwamba miezi 2 au 3, yule uliyemwacha akiwa mdogo wa kukaangwa unamkuta kitoweo cha nyumba nzima. Jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake takriban mwezi mmoja bila kula, kisha hufa. Na jike hukomaa akikaribia au kupita kilo 2, hali dume hukomaa akiwa mdogo zaidi. Kwa hiyo ukila majike ya nusu kilo umekula mbegu, hata pale sheria isipokushika. Mimi nimejiwekea kilo 1; mzani mdogo wa kuning'iniza hauniachi, maana mkononi pweza aliyejaa maji hudanganya.

Sasa maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi wa mwandamo: hesabu mwezi 1 hadi 4, na 15 hadi 18. Pwani yetu siku hizo maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na kila siku huchelewa kwa nusu saa na zaidi. Siku za maji mafu usihangaike. Ukingo wa mwamba haufunuki, na yatokapo ni alasiri na kidogo tu. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini hunitosha kwa Malindi. Nikiona maji ya chini ni mita 0.5 au pungufu, natoka. Naanza kutembea saa moja na nusu kabla ya maji kutulia, nikifuata maji yanavyorudi nyuma, na yakianza kujaa nageuka papo hapo. Watu hufikiri maji huja kutoka mbele. Ukweli hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo, na wewe bado umesimama pakavu. Msimu mzuri ni kaskazi na maleleji. Kusi likivuma kwa nguvu, maji huchafuka na mawimbi ya ukingoni hayaachi mtu kuinama.

Zana ni chache. Mkonjo wangu ni nondo ya milimita 8, urefu wa mita 1, ncha imenolewa lakini haina mwiba. Wa pili ni mti mwembamba uliofungwa ndoana kubwa kwa waya. Viatu vya raba vya soli nene, vimefungwa visitoke, kwa sababu ya nungu wa bahari na samaki wenye miba ya sumu wanaolala kama mawe. Gunia lililoloweshwa maji ya chumvi. Kofia na maji ya kunywa.

Kulijua tundu ndiyo kazi yenyewe. Pweza ni msafi wa ndani na mchafu wa nje: hula kaa na makombe nyumbani kwake, kisha hutupa maganda mlangoni. Tafuta kirundo hicho. Kisha angalia maganda yenyewe. Yakiwa meupe, makavu, yameota ukungu wa kijani, mwenyewe ameshahama. Gamba la kaa likiwa bado lina rangi yake na utelezi ndani, yumo. Mlango wa tundu huwa umezungushwa vijiwe, na mchanga wake umefagiwa. Inama ukilielekea jua ili kivuli chako kisianguke mlangoni, na utulie. Utaona mchanga mwembamba ukipulizwa na kurudi, ukipulizwa na kurudi. Hiyo ni pumzi yake. Halafu jicho: mboni yake ni mstari mweusi uliolala, na hata pweza akijipinda vipi, mstari ule hubaki umelala sawasawa na upeo wa bahari.

Tundu lililozibwa mawe kwa ndani, na nje hakuna ganda jipya, liache. Huyo ni jike juu ya mayai. Nimewahi kuchungulia tundu la namna hiyo lililokuwa na upenyo ubavuni: mayai yamening'inia darini mashada mashada, kila moja kama punje ya mchele, na mama yake akiyapuliza maji bila kukoma. Ukimtoa huyo, nyama yake imekwisha, laini kama kitambaa kilicholowa, na maelfu yaliyo darini huliwa na samaki kabla maji hayajajaa.

Kumtoa huanza kwa upole. Pitisha mti taratibu ukiambaa ukuta wa tundu, usimchome. Mguse, uache. Mguse tena. Pweza ni mdadisi, hushika. Utasikia mti umekuwa mzito kama umekwama kwenye tope, kisha unavutwa. Hapo ndipo wengi huharibu: huvuta kwa nguvu, mkono unakatika, na pweza anazama ndani asitoke tena siku hiyo. Mwachie avute. Subiri mpaka mikono miwili mitatu iwe juu ya mti na kichwa kimesogea mlangoni, ndipo uingize ndoana chini ya shina la mikono na umtoe kwa mvuto mmoja mrefu. Kama kinachogusa mti kinagonga na kung'ata badala ya kushika, ni mkunga. Toa mti, nenda zako. Mkono mtupu hauingii tunduni kamwe.

Usivunje jiwe. Nasema hili kwa uchungu, maana nimeona miamba iliyotimuliwa kwa mitaimbo kama shimo la kokoto. Tundu zuri halikai tupu: ukimtoa huyu leo, bamvua mbili tatu zijazo mwingine amehamia. Ukilivunja, umemla mmoja na kumfukuza wa kila mwezi.

Akiwa nje, muue mara moja. Mchome katikati ya macho. Ukipatia, rangi inamtoka ghafla, kahawia inakuwa kijivu cheupe kana kwamba umezima taa, na mikono inalegea. Ukikosa, atakusokota mkononi. Usimbandue kwa kuvuta ncha za mikono, pitisha kidole kwenye shina, karibu na kichwa, ndipo vinyonyeo huachia. Na chunga mdomo wake ulio katikati chini, una sumu kidogo na kidonda chake huvimba. Kuchinja hakuhitajiki, sisi Mashafii, mnyama wa bahari ni halali hata akiwa mfu. Lakini kumwacha ajikongoje ndani ya gunia juani si tabia ya mwindaji.

Mgeuze kichwa ndani nje kama soksi, toa matumbo na kifuko cha wino bila kukipasua, kata macho, sukuma mdomo utoke. Fanya haya kwenye maji ya chumvi. Maji ya mferejini, yasiyo na chumvi, humfanya pweza anywe na kuvimba. Ndiyo hila ya wanaotaka kuongeza uzito, na nyama hupoteza ladha. Barafu iwe ndani ya mfuko, isimguse, kiasi sawa na uzito wa pweza kama safari ni ndefu. Bila barafu, mweke kivulini chini ya gunia bichi, na usikawie kumfikisha jikoni.

Jikoni, mpige juu ya jiwe safi au kwa mchi, mara 40 au 50, ukimgeuza, mpaka mikono ilegee na povu litoke. Aliyegandishwa usiku mmoja kwenye friza hahitaji kipigo, barafu imeshakata nyuzi. Msugue chumvi, suuza haraka. Mtie sufuriani mzima, bila maji, moto mdogo, ufunike: atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, na kusinyaa hadi karibu nusu, kwa hiyo kilo 1 mbichi hesabu watu watatu. Kipande cha papai bichi ndani husaidia akiwa mkubwa. Dakika 45 kwa wa kilo, saa nzima na zaidi kwa wa kilo 2. Jaribu kwa uma kwenye shina la mkono, si nchani. Chumvi usiongeze mpaka uonje, maana bahari ameshaibeba. Yale maji mekundu usiyamwage. Ndiyo supu, tia ndimu, pilipili na tangawizi, na waliobaki mezani wangoje tui la nazi lichemke.